Mwalimu, usikope benki ili umalizane na Bodi ya Mikopo

Mwalimu mmoja wa sekondari, wilayani Sengerema, ameniandikia hivi kuhusu deni lake la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Nimefupisha kidogo tu:

"Shikamoo. Nilisoma chuo kwa mkopo wa bodi kuanzia 2012 hadi 2015, jumla kama milioni 10.2. Nilipomaliza nilifundisha shule ya binafsi, halafu 2019 nikaajiriwa serikalini kwa mshahara wa 716,000. Sasa mshahara wa msingi ni 990,000 na bodi wanakata asilimia 15. Juzi nimeangalia salio, bado nadaiwa 7,840,000. Miaka yote hii nakatwa nini? Maofisa wa benki wamekuja shuleni, wanasema watanipa milioni 8 kwa riba ya asilimia 16, nilipe kwa miaka 8, nimalizane na bodi na makato yabaki yale yale. Nina pia mkopo wa mtaani wa 600,000 nilioukopa mama alipolazwa. Narejesha 65,000 kila Ijumaa kwa wiki 12, na huu ni mzunguko wa tatu. Mdogo wangu naye amepata nafasi chuo kikuu, uuguzi, miaka minne, ada 1,500,000 kwa mwaka. Mama yuko Muleba, anasema mtoto asiguse hela ya bodi kwa sababu ameona ninavyoteseka. Anataka kuuza nusu ya kibanja, na mteja ametaja milioni 7. Nishauri."

Marahaba, mwalimu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa huo mzigo unaoubeba peke yako. Nilikaa miaka mingi kwenye dawati la mishahara kabla ya kuanza kazi hii ya ushauri, na barua ya namna yako nimeisoma mara nyingi. Karibu kila mara mtu analaumu makato anayoyaona kwenye slipu, wakati yanayommaliza hayapo kwenye slipu.

Tuanze na slipu yako basi. Kwenye 990,000, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, yaani 49,500. Bima ya afya asilimia 3, 29,700. Kama uko CWT, chama cha walimu, asilimia 2, 19,800. Kodi inakuja kama 113,000. Bodi 148,500. Unabaki na kama 629,000. Sasa toa ile 65,000 ya kila Ijumaa. Wengi huzidisha kwa nne, lakini mwaka una Ijumaa 52, kwa hiyo kwa mwezi ni zaidi ya 280,000. Unabaki na chini ya 350,000 ya kulipa kodi ya nyumba, kula, nauli na kumtumia mama. Bodi inachukua 148,500. Yule wa mtaani anachukua karibu mara mbili ya hiyo, na hakuna slipu inayoandika jina lake.

Tumtazame vizuri huyu wa mtaani. Unapokea 600,000 na kurejesha 65,000 mara 12, ambayo ni 780,000. Umelipa 180,000 ya ziada kwa fedha uliyokaa nayo miezi mitatu, na nusu ya muda huo sehemu kubwa ya fedha yenyewe ulishairudisha. Huu ni mzunguko wako wa tatu, kwa hiyo hadi uumalize wa sasa utakuwa umetoa 540,000 juu ya deni la 600,000. Watu hawakukosea kuiita mikopo hii kausha damu. Na kama aliyekukopesha hana leseni, anavunja sheria: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni inayotambulika kwa Benki Kuu. Mwombe akuonyeshe leseni na mkataba. Akikataa, au akianza vitisho, hilo ni jambo la kupeleka kwa ofisa biashara wa halmashauri, wala si la kuonea aibu.

Kwa hiyo moto uko huku, na ndiko maji yaende kwanza. Maliza mzunguko ulio nao na usiurudie hata kama wanakusukuma kwa simu. Kama wiki zilizobaki ni nyingi na huwezi kuzimaliza bila kulala njaa, nenda SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya watumishi wilayani kwako, ukope kiasi kilichobaki tu, urejeshe taratibu. Hata kama SACCOS wanakutaka uweke akiba kwanza, kuanza leo na 20,000 kwa mwezi ni bora kuliko kuwa mgeni wao siku mama atakapougua tena. Nakuambia hili kwa uchungu, kwa sababu nimewaona watumishi wazuri wanaoacha kadi zao za benki na namba ya siri mikononi mwa mkopeshaji. Kama na wewe umeacha kadi huko, irudishe mikononi mwako wiki hii. Nenda benki uifunge, upewe nyingine.

Sasa bodi. Unauliza miaka yote hii umekuwa ukikatwa nini, na una haki ya kuuliza.

Zamani deni la bodi lilikuwa linakua. Kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Asilimia 6 ya milioni 10.2 ni 612,000 kwa mwaka. Wewe mwaka 2019, kwa mshahara wa 716,000, ulikuwa unakatwa 107,400 kwa mwezi, yaani 1,288,800 kwa mwaka. Karibu nusu ya jasho lako ilikuwa inameza tozo, na iliyobaki ndiyo ilipunguza deni. Juu yake kulikuwa na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kurejesha, na ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Wewe ulimaliza 2015, ukapita miaka kadhaa kabla ya kuingia serikalini. Adhabu hiyo huenda ilikukuta.

Halafu hali ikabadilika. Mei Mosi ya mwaka 2021, pale Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ya asilimia 6, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo haikutozwa tena. Adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Wengi walishangilia siku ile, wakasahau, wakaendelea kuliogopa deni kana kwamba bado linazaa. Halizai, mwalimu. 7,840,000 uliyoiona ikikatwa 148,500 itakwisha kwa miezi 53, na ukipanda daraja itakwisha mapema zaidi, maana asilimia 15 ya mshahara mkubwa ni fedha nyingi zaidi. Kwa kuwa bei za vitu zimekuwa zikipanda kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni, shilingi utakayolipa mwaka wa nne itakuwa nyepesi kuliko ya leo. Hicho ndicho ile tozo ilikuwa inakilinda kwa upande wa serikali. Sasa kinga hiyo imekuja upande wako.

Weka pembeni yake hiyo ofa ya benki. Milioni 8 kwa asilimia 16, miezi 96, inakuja kama 148,200 kwa mwezi. Ofisa hakukudanganya, makato ni yale yale kweli. Alichokiacha ni idadi ya miezi. Bodi inakukata miezi 53 na jumla ni 7,840,000. Benki itakukata miezi 96 na jumla inazidi 14,200,000. Unanunua karatasi ya kumaliza deni la bodi kwa zaidi ya milioni 6, bila kuhesabu bima na ada ya kuandaa mkopo. Na kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu hiyo. Mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa hadi abaki na chini ya theluthi moja ya mshahara. Nafasi yako ya kukopa ina ukomo. Ukiitumia kulipia deni lisilo na riba, siku utakapotaka bati za nyumba au kiwanja, benki ileile itakuambia umejaa.

Sisemi mkopo wa benki ni haramu. Kwa kitu kitakachobaki na wewe, kwa hesabu uliyoipiga mwenyewe mezani kwako wala si ya ofisa aliyekuja na fomu mkononi, sawa. Kwa kulipa bodi, hapana. Hata ukipata malimbikizo ya mshahara kwa mkupuo, usiyakimbize bodi. Malizana na wa mtaani, jaza akiba ya SACCOS au nunua vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, bodi iendelee na asilimia 15 yake.

Kuhusu hiyo asilimia 15, najua bado inawauma watu, na nawaelewa. Waliosaini kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 walisaini wakijua watakatwa asilimia 8, wakaamka siku moja slipu imebadilika. Mimi nilikuwa naandaa mishahara wakati ule. Walimu walijaa ofisini na slipu mkononi wakidhani nimekosea, na sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Ilikuwa ghafla mno kwa watu waliokuwa wameshapanga maisha yao juu ya asilimia 8. Lakini kwa deni la leo lisilokua, kukatwa asilimia 15 maana yake ni kumaliza mapema tu. Hakuna shilingi unayopoteza.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako ulichokipita haraka, nami sikukipita. Uliandika kwamba ulifundisha shule ya binafsi kabla ya 2019. Je, kule ulikuwa unakatwa? Tafuta slipu zako za zamani. Mwajiri akimwajiri mnufaika wa mkopo anatakiwa kuijulisha bodi ndani ya siku 28, kumkata, na kupeleka fedha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Nimekutana na waajiri waliokata kila mwezi kwa uaminifu na hawakupeleka hata mara moja. Fedha ilitoka kwa mwalimu, ikaishia kwenye matumizi ya shule. Wengine hupeleka kweli, lakini kwenye orodha wamekosea namba ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo bodi huitumia kukutambua, na malipo yako yanaingia kwa mtu mwingine au yanabaki yakielea.

Ingia kwenye akaunti yako katika mfumo wa bodi, au nenda ofisi yao ya kanda Mwanza, uombe taarifa kamili ya deni, si salio peke yake. Taarifa hiyo inatenganisha deni la msingi, tozo, adhabu, na kila makato yaliyopokelewa kwa mwezi wake. Kaa nayo Jumapili moja na kalamu. Kwanza, linganisha deni la msingi na fedha ulizopokea kweli. Kama kuna mwaka uliahirisha masomo au mhula ambao hela hukuisaini, isiwemo. Pili, tazama tarehe za tozo ya asilimia 6. Ukikuta mstari wenye tarehe ya baada ya 30 Juni 2021, una hoja. Tatu, hesabu miezi uliyokatwa kwenye slipu na miezi iliyoandikwa na bodi. Penye pengo, andika barua, ambatisha nakala za slipu na barua ya ajira ya shule ile, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwajiri aliyekata na kutopeleka ndiye wa kubanwa na sheria, si wewe. Usifanye jambo hili kwa simu tu. Maneno ya simu hayana muhuri.

Sasa mdogo wako, na kibanja.

Nimeishi Kagera, kwa hiyo siwezi kulizungumza neno kibanja kama mtu anayezungumza kiwanja cha mjini. Pale kuna migomba inayolisha nyumba, kuna kahawa, na mara nyingi kuna makaburi ya wazee. Mama yako anaposema yuko tayari kuuza nusu, anasema ni kiasi gani anawapenda. Lakini hesabu haimsaidii. Ada ni 1,500,000 kwa mwaka. Chakula na malazi, tukitumia 10,000 kwa siku, kiwango ambacho bodi yenyewe imekuwa ikitoa, kwa siku 240 ni 2,400,000. Jumla 3,900,000 kwa mwaka, kabla ya vitabu, sare za mafunzo na nauli. Milioni 7 haimalizi mwaka wa pili. Mwaka wa tatu kijana atakuwa hana ada, na mama atakuwa hana mgomba wa kuuza ndizi. Hapo ndipo watoto huacha chuo, na ardhi ikishauzwa hairudi kwa bei ileile.

Hofu ya mama inatokana na deni lako, na deni lako lilizaliwa chini ya masharti mengine. Mdogo wako akikopa sasa, anaanza kurejesha miezi 24 baada ya kumaliza masomo, au mara anapopata ajira, bila ile tozo ya asilimia 6. Kwa fedha za aina hii, sijui mahali pengine ambapo kijana wa mkulima atakopeshwa kwa bei nafuu zaidi. Jirani zetu Kenya wana HELB, bodi yao ya mikopo ya wanafunzi, ambayo hutoza asilimia 4 kwa mwaka na faini ya shilingi 5,000 za Kenya kwa kila mwezi kwa wasiolipa. Nataja hilo kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu ni wa Kenya, majina ya bodi hizi mbili yanafanana, na watu wetu wanaogopa faini ambazo haziwahusu.

Kwa hiyo aombe. Maombi hufanyika kwa mtandao na ada yake kwa miaka kadhaa imekuwa 30,000. Kinachowaangusha waombaji wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, si wiki ya mwisho wakati mfumo umeelemewa. Kama baba alifariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe, kwa sababu uyatima huhesabiwa katika kupima uhitaji. Kama nyumba ya mama imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iandikwe. Majina kwenye vyeti vyote yafanane herufi kwa herufi. "Johansen" kwenye cheti kimoja na "Johanesi" kwenye kingine inatosha kumkosesha. Fomu isainiwe na serikali ya kijiji na kamishna wa viapo, kisha mtu mwingine aikague kabla ya kutuma. Wewe ni mwalimu, hilo ni lako. Akikosa au akipata kidogo, kuna dirisha la rufaa. Wengi hawalitumii kwa sababu ya kukata tamaa tu. Kama alifaulu sayansi kwa alama za juu sana, aulizie pia Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa ajili ya waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita. Hiyo hairejeshwi.

Jiandaeni kwamba huenda asipate asilimia mia. Bodi hugawa kwa kupima uhitaji, na mwenye kupata ada nusu na chakula kamili ni wa kawaida sana. Hapo ndipo familia inaingia, na hapo ndipo ile 280,000 ya Ijumaa zako inapogeuka kuwa na kazi. Ukishatoka kwa yule wa mtaani, ukitenga hata 100,000 kwa mwezi ni 1,200,000 kwa mwaka. Inaziba pengo la ada bila kugusa ardhi.

Jambo ambalo wazazi hawaambiwi ni kwamba bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka bodi, halimpokei mtoto getini. Nakumbuka wiki zangu za kwanza chuoni. Tulifika tukiwa na imani kwamba fedha zipo, tukakaa karibu wiki tano tukila mlo mmoja hadi tulipoitwa kusaini. Wenzetu wawili walirudi kwao katika wiki hizo, na mmoja hakurudi tena chuoni. Mdogo wako aondoke nyumbani akiwa na fedha ya mwezi mmoja na nusu: chakula, kitanda, usajili. Kama 500,000 hivi. Mama auze kahawa ya msimu huu, siyo udongo inapoota. Mavuno ya kahawa huko kwenu hutangulia kufunguliwa kwa vyuo, kwa hiyo muda unaruhusu.

Na siku bumu likiingia, awe ameshaligawa kabla hajaliona. Ni hela ya siku sitini ikija kwa siku moja, kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki tano. Rafiki zake watakuwa wanabeti. Mwambie wazi, bila kumtisha, kwamba kila shilingi ya mkeka ataikatwa kwenye mshahara wake akiwa na miaka thelathini. Akaunti mbili zinasaidia: moja haina kadi, na kila Jumatatu anajitumia 70,000 ya wiki.

Mama mpigie kabla ya yule mteja kurudi na fedha taslimu, kwa sababu fedha ikishawekwa mezani ni vigumu kuikataa. Msomee hizi hesabu mbili tu: milioni 7 inaishia mwaka wa pili, na deni la mdogo wako halitakua kama lako lilivyokua. Nadhani atakuelewa. Ofisa wa benki naye akirudi shuleni, usisaini kitu siku hiyo hiyo.

Ukishapata taarifa kamili ya bodi na ukakuta miezi ya ile shule ya binafsi haimo, niandikie tena ukiwa na slipu ulizozipata, hata kama ni chache. Barua ya madai tutaiandika pamoja.